Dawa ya Asiyeungua

Kwetu mtu akianguka kifafa, watu hukimbia. Usidhani wanakimbia kuita msaada. Wanamkimbia yeye.

Nimeliona hilo kanisani, kwenye kigango chetu upande wa Ushirombo, kuta za udongo na mabenchi ya magogo. Mdogo wangu wa kike alianguka katikati ya Baba Yetu. Katekista aliyekuwa anatuongoza, mtu mzima na tumbo lake, aliruka benchi la mbele akatokea dirishani. Dirishani, jamani! Na mlango ulikuwa wazi. Kufumba na kufumbua kanisa likawa jeupe, tumebaki wawili: yeye chini anatikisika, povu mdomoni, na mimi nimemshika kichwa kisigonge sakafu. Wengine wote wako nje wanatema mate na kunipigia kelele. "Wewe mtoto, usimguse! Likikugusa hilo povu na wewe umekwisha!"

Mimi povu lake lilishanigusa mpaka nimelizoea. Kama ni kuambukizwa ningekuwa naanguka asubuhi na jioni. Lakini nani angenisikiliza? Walisema povu linaambukiza, mate yanaambukiza, mkojo unaambukiza, na hata akijamba wakati ameanguka, ukivuta ile hewa umeshachukua. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanayasema haya bila kucheka.

Nyumbani alikuwa na bakuli lake la bati. Baba alilitoboa ukingoni kwa msumari, lisije likachanganyika na mengine. Alikula nyuma ya kihenge cha nafaka, mbwa wanamtazama, na bakuli lile lilioshwa la mwisho kwa majivu. Aliyemwekea chakula ni mama, na aliyeliosha bakuli ni mama. Mama yangu alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele utataka kumchukia, na mimi sitakuzuia.

Kitu ambacho mdogo wangu alikatazwa kuliko vyote ni jiko. Asikae karibu na mafiga, asichochee kuni, asishike mwiko. Utasema ni sawa, mtu anayeanguka akae mbali na moto. Lakini wao hawakuwa wanaogopa malengelenge. Kwetu waliamini kwamba mwenye kifafa akishaungua moto, ugonjwa umefungiwa ndani, hautoki tena. Kabla hajaungua unaweza kuhangaika naye, unampeleka kwa mganga huyu na yule. Akishaungua, umeachana naye. Hata mganga anayejipenda alimuuliza mzazi kwanza, "Ameshaungua?" Ukisema ndiyo, anakusanya vibuyu vyake.

Mdogo wangu alikuwa hajaungua, kwa hiyo walimhangaikia. Alichanjwa kichwani, akafukizwa kinyesi cha tembo chini ya blanketi mpaka akazimia, akatapishwa mizizi ambayo mimi niliionja tu kwa ncha ya ulimi nikashinda siku nzima natema mate. Kila alipotoka huko alianguka zaidi. Wakasema ugonjwa unapigana na dawa. Nyoo! Mtoto alikuwa amechoka na ana njaa, basi.

Kisha, miaka ile ya mwanzo ya sabini, tukasikia kuna daktari wa kifafa amefika hospitali ya misheni. Tulitegemea mzungu. Tukakuta kijana mweusi kama sisi, mwembamba, amesoma Ulaya, Kiswahili chake kinakimbia mpaka bibi zetu wanageukiana. Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua kwa nini upande wetu una watu wengi wa kuanguka. Hospitali ikampa jengo ambalo zamani lilikuwa la wakoma, maana wagonjwa wengine walikataa kulala jirani na kifafa. Wakoma walishahamishwa lakini jina lilibaki, kwa hiyo ukiulizwa unakwenda wapi ilibidi useme unakwenda kwa wakoma, na hapo umeongeza aibu juu ya aibu.

Maswali ya yule daktari! Mtoto alipozaliwa alichelewa kulia? Aliwahi kupata degedege? Mnafuga nguruwe? Nyama yake mnaila imeiva au nusunusu? Baba alitoka pale amevimba. "Mtoto anaanguka," akasema, "yeye ananiuliza nguruwe." Wakatutoboa vidole, wakatumulika machoni kwa tochi, wakatuambia tulete choo ndani ya kiberiti. Shangazi yangu aliyekuwa anakaa kwetu, dada yake baba, alikataa katakata. Alisema kinyesi chake hakiendi Ulaya kikachezewe na watu asiowajua.

Lakini siku hiyohiyo ya kwanza nilimpenda yule daktari, na nitakwambia kwa nini. Tumepanga foleni barazani, wote ni wagonjwa wa kifafa na ndugu zao, na mwanamke mmoja akaanguka. Foleni nzima ikakimbia. Wagonjwa wa kifafa wakamkimbia mgonjwa wa kifafa! Yupo mmoja alikimbia mpaka yeye mwenyewe akaanguka kule mbele, na waliokuwa nyuma yake wakamruka wakaendelea. Daktari akaja taratibu, akapiga magoti, akamlaza yule mama kwa ubavu, akamfuta povu kwa kiganja chake. Kiganja, si kitambaa. Halafu akanyoosha mkono kwenye kikapu cha bibi mmoja, akachukua matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, akatafuna mbele yetu bila kunawa. Huku anatutazama mmoja mmoja. Bibi mwenye kikapu alikiacha palepale.

Mwezi uliofuata jengo la wakoma lilifurika. Nusu ya watu walikuja kuangalia kama daktari ameshaanza kuanguka.

Vidonge aligawa Sista mmoja wa Kisukuma, mnene, sauti ya kuitia ng'ombe. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vichungu. Alitusimamisha wote akatufundisha kama tunafundishwa sala. "Ukianza, huachi. Ukiacha ghafla, ugonjwa unarudi na hasira za siku zote ulizoufungia nje. Utamuua mtu. Ni afadhali usingeanza kabisa. Haya, wote tuseme: siachi!" Tukaitikia, siachi. "Sijasikia!" Siachi! Baba aliitikia. Mama aliitikia. Nilikuwa nimesimama katikati yao, niliwasikia kwa masikio yangu mawili.

Mama alivitia vidonge kwenye kikopo kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka, akakifunga kwenye pindo la khanga. Kila jioni anafungua, anatoa, mdogo wangu anameza na maji. Mwanzoni alisinzia kutwa kama kuku anayeatamia. Halafu usingizi ukamwisha, na kuanguka nako kukaanza kupungua. Kutoka kila siku kukawa mara mojamoja, mwisho tukasahau. Tulisahau, wallahi. Alianza kuwa mtu ambaye hatukuwahi kumjua, mchokozi, mwenye maneno. Alikuwa anamwigiza katekista anavyoruka dirishani, na kushikilia tumbo, mpaka baba mwenyewe akaficha uso kwenye mkono.

Siku moja bakuli lenye tundu likakosekana. Mama akalitafuta, shangazi akalitafuta. Mdogo wangu akasema, "Nimelitupa chooni. Anayelitaka akalifuate." Jioni ile akaja akakaa na sisi, akanawa, akanyoosha mkono kwenye ugali wa wote. Shangazi akasogea pembeni kidogo. Baba akakata tonge, akakaa nalo, akatafuna. Mimi nikamsogezea mboga, kwa furaha.

Basi akaanza kutaka jiko. Kila msichana wa rika lake anasonga ugali, yeye anakaa kama mgeni. "Mama, nimepona." Mama akawa anamwacha, mwanzoni amesimama nyuma yake, baadaye hata hasimami.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja vibaya. Mto ulio kati yetu na misheni ulijaa ukachukua daraja la magogo. Siku ya kliniki baba alikwenda na baiskeli mpaka ukingoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Kikopo kikawa kitupu. Hatukuacha sisi, ni maji. Mama alimwambia asiingie jikoni mpaka mto utakapopungua, na yeye akajibu vilevile, "Mama, nimepona."

Mimi nilikuwa shambani kwenye pamba, mchana, niliposikia shangazi anapiga yowe. Nilikimbia mpaka kifua kinawaka. Nikamkuta shangazi mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, machozi yanamtiririka. Mdogo wangu alikuwa ndani, mkono wa kulia na shavu viko kwenye mafiga, anatikisika, sufuria imepinduka. Shangazi angeweza kumvuta mguu. Angeweza kumsukuma hata kwa ule mwiko. Alilia tu. Alilia vizuri sana, shangazi yangu. Sijui alisimama pale muda gani, na kwa ule ukelele niliousikia nikiwa mbali, ulikuwa muda mrefu.

Nilimvuta mimi. Harufu ile ninayo mpaka leo, ndiyo maana nyama ya kuchoma silagi.

Mto ulipopungua, baba alimfunga kwenye baiskeli akampeleka. Daktari alimfunga vidonda, akampa vidonge, Sista akatuimbisha tena siachi yake. Tukarudi. Lakini nilipofika uani niliona wazee wa ukoo wamekaa kwenye vigoda, na nikajua. Hawakumjadili sana. Mmoja akauliza, "Ameungua?" Baba akasema, "Ameungua." Yule mzee akapangusa mikono yake, hivi na hivi, kama mtu aliyemaliza kula. Jioni shangazi alimletea mdogo wangu chakula kwenye kipande cha kibuyu, akakiweka nyuma ya kihenge. Mdogo wangu alikitazama kile kipande. Hakukitupa.

Nikasema potelea mbali, wafikiri wanavyofikiri, mradi vidonge vipo. Nilimpa mwenyewe kila jioni, na hakuanguka tena. Kidonda cha shavu kikaanza kukauka.

Palizi ilipofika nikatumwa Kharumwa kwa mjomba, mke wake amejifungua na hana msaidizi. Sikutaka kwenda. Mama akanishika mabega. "Nenda, mwanangu. Mdogo wako nitamwangalia mimi. Nani anampenda kuliko mimi?" Nikaenda.

Niliporudi, kabla sijafika kwetu nilipita kwa jirani. Yule jirani alikuwa mjane, ana mtoto mmoja wa kiume, naye ana kifafa. Hakuwahi kumleta kwa wakoma, aliona aibu. Alimfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, asije akaangukia moto. Miaka yote tulimjua mtoto wa kwenye nguzo. Sasa namkuta njiani na fimbo, anachunga mbuzi, anapiga mluzi. Nikafurahi, unajua? Nikamwambia, "Wee! Umepona?"

"Nimepona, dada," akasema. "Nakunywa vidonge vya mama yako."

Sikumwelewa kwanza. Nikaendelea kutembea, halafu miguu yenyewe ikaanza kukimbia.

Mdogo wangu alikuwa amelala nyuma ya kihenge kwenye mkeka. Midomo imepasuka kwa kung'atwa na meno yake mwenyewe. Kidonda cha shavu kimefumuka, kimeingia mchanga. Alinitambua polepole. Nikamuuliza dawa. Akasema, "Mama kasema daktari kasimamisha. Mpaka vidonda vipone." Kisha macho yakageuka akaanguka tena hapohapo mikononi mwangu, akaamka, na kabla hajasema neno la pili akaanguka tena.

Mama alikuwa anapepeta karanga. Nilimwita, na jinsi nilivyomwita si jinsi ya kumwita mzazi. Hakukasirika. Akaweka ungo chini.

"Ameungua, mwanangu," akasema. "Umeona mwenyewe. Hiyo dawa ina kazi gani tena kwake?"

"Ilikuwa inamsaidia! Alikuwa haanguki!"

"Ilikuwa inanyamazisha tu. Uko ndani, umefungwa. Na yule wa jirani hajaungua. Yule anaweza kupona. Nikae na dawa humu ndani namwagia maji mawe, na mtoto wa mwenzangu amefungwa kamba kama ndama? Mungu ataniuliza."

"Ulimdanganya! Ulimwambia daktari kasimamisha!"

"Nilimwambia hivyo asiumie." Hapo ndipo alipoanza kulia. "Unadhani sikumzaa mimi? Unadhani napenda? Nilimwangalia kwanza, nikalia wiki nzima, ndipo nikampa."

Ningependa kukwambia kwamba alikuwa mchawi, au hakumpenda mtoto wake. Ingenirahisishia. Alikuwa na vidonge vya mtu mmoja na watoto wawili, akampa yule aliyeamini ana maisha. Aliteseka na akaona anafanya haki. Mimi damu ilikuwa inachemka mpaka masikio yanapiga kelele, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na sijayajutia.

Nikaenda kwa jirani. Mjane alipoona uso wangu alijua. Akapiga magoti, mama mtu mzima, mbele ya msichana. "Mwanangu, usininyime. Mwanangu, nakuomba. Nimeshaifungua ile kamba." Nikamruka. Kikopo kilikuwa juu ya mtungi, kikopo chetu cha mafuta, nikakichukua nikaondoka. Mtoto wake alikuwa mlangoni na fimbo yake ya mbuzi.

Lakini mdogo wangu hakuweza tena kumeza. Usiku ule na siku iliyofuata alianguka mfululizo, hakuna kuamka katikati, mtikisiko mmoja haujaisha mwingine umeingia. Nilimsagia kidonge kwenye maji, kikatoka na povu. Asubuhi ya pili baba akatafuta vijana wa kubeba machela. Walikuja wanne. Tulipofika mtoni povu likachuruzika likamdondokea mmoja kwenye mkono, akapiga kelele, wote wanne wakaachia. Wote. Machela ikaanguka chini na mtu ndani yake, na wao wakajitupa mtoni kujisugua na mchanga. Baba hakuwatukana hata. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, mimi nashika miguu, mama anafuata nyuma.

Sista alimchoma sindano. Akatulia. Alitulia vizuri, nikadhani amelala, nikaanza kumfuta mchanga shavuni. Daktari akaja akasikiliza kifua, akasikiliza tena, akavua vile vipira masikioni.

"Aliacha dawa lini?" akauliza.

Mama akasema, "Hakuacha. Alikunywa kila siku."

"Mwongo!" nikasema. "Kavigawa! Kampa mtoto wa watu!" Baba akanizaba kofi mbele ya daktari, mbele ya Sista, mbele ya marehemu. Nikakitoa kikopo nilichokuwa nimekikumbatia njia nzima nikakiweka kitandani, pembeni ya mkono ulioungua.

Daktari alikitazama. Nilitegemea atamgeukia mama, amwambie aliyostahili kuambiwa. Hakumgeukia. Aliniuliza mimi. "Huyo mtoto mwingine amekunywa leo?"

"Nimemnyang'anya."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Sista akashika msalaba wake. Daktari akachukua kile kikopo, akanitia mkononi, akanikunja vidole juu yake. "Rudi sasa hivi. Mpe. Usipumzike njiani. La sivyo naye ataletwa hapa hivihivi."

"Ni vya mdogo wangu," nikasema.

"Mdogo wako havina kazi tena kwake."

Maneno yaleyale ya mama. Sidhani alijua. Sista alinisukuma mgongoni, nikatoka, nikamwacha mdogo wangu mwili bado una joto, nikaenda kumpelekea mtoto wa jirani dawa. Nililia njia nzima na kila nilipofika kwenye korongo nilitaka kukirusha kile kikopo. Nilikuta ameshafungwa kamba tena, ameshaanguka mara kadhaa. Nikakitupa miguuni pa mama yake. Sikusubiri ahsante.

Msiba wetu ulijaa watu, maana mama alipendwa. Na kila aliyekaa pale alikuwa anasema jambo moja. "Si mnaona? Aliyeungua amekufa, asiyeungua amepona. Dawa ileile." Hata wale waliokuwa wanaamini kidogo sasa waliamini kabisa. Niliinuka nikasema siyo hivyo, nikaeleza, nikapaza sauti. Shangazi akanishika akaniambia nina uchungu, nikanywe maji. Na mama, alipowasikia, nilimwona anaitikia kwa kichwa. Ile ilimtuliza. Alikufa miaka mingi baadaye bado imemtuliza.

Daktari alimaliza utafiti wake akaondoka. Sikuwahi kusikia alipata jibu gani kuhusu nguruwe.

Miaka ya themanini ilinikuta Rwamgasa, nawapikia wachimbaji wa dhahabu. Nilikuwa na sufuria kubwa, mafiga ya mawe, na mdomo ambao hata walevi waliuheshimu. Na nani akaja kula kwangu? Yule mtoto wa nguzo. Sasa dume zima, kifua hiki, anashuka duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, ambako angeanguka hata mara moja tu angekufa. Hakuanguka. Vidonge alikuwa anavifuata Geita hospitalini, havikosi, na alivitia kwenye kikopo kilekile cha mafuta, kimechakaa rangi yote imetoka. "Shikamoo, dada," kila siku. "Marahaba," kila siku. Nilimpakulia kama wengine, simwongezei, simpunguzii, na nikimpa sahani naiangalia mikono yake. Laini. Haina alama hata moja.

Mchana mmoja kijana mgeni, mbebaji wa mawe, alikuwa kwenye foleni ya chakula. Akatoa mlio, akaanguka, kiwiko na bega vikaingia kwenye moto wangu. Foleni ikapasuka. Wanaume wanaoshuka shimoni na mshumaa walikimbia kama mbuzi. Nikamvuta, nikamlaza kwa ubavu, nikamfuta kwa kiganja. Alipoacha kutikisika nikamuuliza jina la dawa yake. Hakuwa na dawa. Hakuwahi kusikia kama ipo.

Nikainua macho. Yule wangu wa nguzo hakukimbia, amesimama hatua chache, sahani mkononi. Nikasema, "Lete kikopo. Mpe kianzio, kesho tumpeleke Geita akapate vyake."

Akagusa mfuko wa shati, kuhakikisha kipo. Hakukitoa.

"Dada," akasema, kwa adabu kabisa, "huyu ameshaungua."

Niliinuka na mwiko. Nilikuwa nimpige, Mungu ananiona. "Nani kakwambia ujinga huo? Wewe! Wewe wa kusema hivyo! Nani kakufundisha?"

Hakurudi nyuma. Alinitazama kwa mshangao, kama vile nimesahau kitu ambacho mimi ndiye wa kukijua kuliko wote.

"Mama yako, dada," akasema. "Ndiye aliyeniponya."

Mwiko ukabaki juu. Nikaushusha, nikamshika yule kijana makwapani, nikawaambia wale waliosimama mbali, mmoja wao ashike miguu. Hakuna aliyeshika. Nikamburuta peke yangu.